Waliofelishwa na Mwalimu Kalekwa

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo kwenye ramani, na kama wewe msomaji unaiona hapo ulipokaa, basi tatizo ni la macho yako. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wengi kuliko vitanda vya hospitali, na ina Chama cha Wakufunzi wa Afya, ambacho mimi nilikuwa mwenezi wake. Kwa kifupi tulikiita CHAWA. Watu wenye nia mbaya walikuwa wakicheka kila walipolisikia jina hilo. Sisi hatukuona cha kuchekesha, maana lilipitishwa kwa kura zote.

CHAWA ni chama cha wasomi wanaowafundisha madaktari na wauguzi. Sharti la kujiunga ni uwe unamfundisha mtu kutibu. Si lazima uwe umewahi kutibu. Rais wetu, Profesa Hezroni Mbagule, alikuwa ameacha zamani sana kumgusa mgonjwa, kwa sababu wagonjwa, alisema, humvuruga mtu fikra. Alikuwa na sauti nene na kitambi cha heshima, na joho lake alilivaa hata misibani. Mungu alimpa kipaji cha pekee: aliweza kuzungumza juu ya ini asubuhi nzima bila ini lolote kunufaika.

Katika chama hichohicho alikuwemo Mwalimu Kalekwa. Huyu alikuwa daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipasua watu miaka mingi mpaka baridi yabisi ikamshika vidole, ndipo akaweka kisu chini akabaki kufundisha. Hakutaka aitwe Daktari wala Profesa. Wanafunzi walimwita Mwalimu, na walimwogopa, kwa sababu kwake mtu aliweza kufeli. Jambo hilo katika vyuo vyetu vingine lilikuwa limeshatokomezwa, kama ndui.

Mwalimu hakumtukana aliyefeli. Alimwambia tu, "Rudi mwakani," na kesho yake akamwita wodini kuanza naye upya tangu ukurasa wa kwanza. Wengine walirudi mara mbili, mara tatu. Sisi wa CHAWA tulimvumilia, kwa kuwa aliokuwa akiwafelisha walikuwa watoto wa watu wasiojulikana, na watu wa namna hiyo wamezoea.

Kisha akaja Jafeti Tindwa, mtoto wa Waziri wa Afya.

Mimi nilikuwepo siku ya mtihani wake. Chama kilinituma nikashuhudie, nipige na picha, maana tulikuwa na hakika ya matokeo. Mtihani wenyewe ulikuwa wa ajabu: badala ya karatasi, Mwalimu Kalekwa alikuwa ameweka mgonjwa. Mgonjwa mzima, mama wa makamo, amelala kitandani ameshika tumbo.

Jafeti, kijana mrefu aliyependeza, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama, akamsogelea yule mama.

"Unaumwa nini?" akauliza.

"Tumbo, baba."

"Ugonjwa gani wa tumbo?"

Yule mama akamtazama Mwalimu, kisha akamtazama tena Jafeti. "Si wewe ndiye utakayeniambia?"

Jafeti akambonyeza begani. Akashuka mpaka kwenye mbavu, akakaa hapo akisikiliza, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua. Mwishowe akasema atampa dawa ya maumivu.

"Kiasi gani?" akauliza Mwalimu.

"Nusu chupa. Halafu tuone."

"Tuone nini?"

"Tuone kama ataendelea kulalamika."

"Kwa nusu chupa hatalalamika tena," alisema Mwalimu. "Rudi mwakani, Jafeti."

Yule mama akashusha pumzi. Mimi nilikuwa nimeshapiga picha, ikabidi niifute.

Habari ilifika Wizarani kabla ya chakula cha mchana. Mheshimiwa Waziri hakukasirika, maana Mheshimiwa Waziri ni mtu wa demokrasia. Alimpigia simu Profesa Mbagule akamwuliza kwa upole kama CHAWA bado inahitaji lile jengo ililopewa na Wizara. Profesa akajibu kwamba CHAWA inalipenda sana. Baada ya simu hiyo, Profesa aligundua, kwa uchunguzi wake mwenyewe wa kitaaluma, kwamba Mwalimu Kalekwa amevunja maadili.

Mkutano mkuu wa mwaka uliitishwa katika hoteli iliyo kando ya ziwa. Asubuhi nzima tulijadili mikoba ya wajumbe, iwe ya zambarau au ya kijani. Mjadala ulikuwa mkali, na bingwa mmoja wa magonjwa ya moyo alitoka ukumbini akilia. Baada ya chai ndipo tukafika kwenye jambo dogo la Mwalimu Kalekwa.

Profesa alisimama. Akairekebisha kofia yake ya joho, akaziacha zile nyuzi zake zicheze mbele ya pua.

"Ndugu wakufunzi," alisema, "nani aliyewahi kumwona mkulima akiitukana mbegu yake? Nani amewahi kumwona mfinyanzi akiusuta udongo? Mwanafunzi anapofeli, nani amefeli?"

"Mwalimu," tukaitikia.

"Basi mwalimu anayefelisha anakiri kwa mkono wake mwenyewe kwamba yeye ndiye aliyefeli. Sisi tunamhukumu kwa ushahidi wake."

Makofi yalipigwa. Wajumbe wawili walisimama ili wapige vizuri zaidi.

Mwalimu Kalekwa aliruhusiwa kujitetea kwa muda mfupi. Alisimama bila karatasi.

"Profesa, yule mama pale kitandani alikuwa na tumbo la kweli," alisema. "Hilo ndilo neno langu. Kijana angemuua. Nikimpitisha, ataua mwingine ambaye mimi simwoni, na mwingine baada yake. Ninyi hamtakuwepo. Lakini mtakuwa mmetia sahihi."

Nakumbuka mjumbe mmoja karibu yangu aliacha kutafuna. Kwa dakika hiyo moja niliogopa kwamba chama chetu kinaelekea kufikiri.

Profesa akatuokoa. "Mwalimu Kalekwa," alisema kwa huruma, "unatuletea habari za mgonjwa. Nimeipitia katiba ya chama tangu mwanzo hadi mwisho. Inamtaja mkufunzi, inamtaja mfadhili, inamtaja dereva wa Rais wa Chama. Mgonjwa haikumtaja mahali popote. Mgonjwa si mwanachama."

Tukalipuka kwa furaha. Mgonjwa si mwanachama. Nililiandika neno hilo kwenye bango siku hiyohiyo, na likatundikwa mlangoni mwa jengo letu, mahali ambapo wagonjwa wakipita wanaweza kulisoma.

Hukumu ilikuwa ya kiungwana. Mwalimu Kalekwa asingefukuzwa. Angesomeshwa kozi mpya iliyoitwa Upole wa Alama, ili ajue namna ya kumpitisha mtu bila kumwumiza. Na kwa kuwa hakuna aliyelielewa somo hilo kwa uchungu kama Jafeti Tindwa, Jafeti alipitishwa papo hapo, akafanywa daktari, akafanywa pia mkufunzi mwandamizi, akakabidhiwa kozi yenyewe.

Kwa hiyo Mwalimu Kalekwa akawa mwanafunzi wa Jafeti. Alikuja kila asubuhi, akakaa dawati la mbele, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Darasani tulikuwa watatu: yeye, Jafeti, na mimi niliyetumwa kuandika habari za mafanikio.

"Mwanafunzi akikosea," Jafeti alisoma kutoka kwenye mwongozo wa chama, "mwalimu atasemaje?"

"Amekosea," alisema Mwalimu Kalekwa.

Jafeti akageuza ukurasa. "Jibu ni: ameelekea kwenye usahihi kwa njia yake."

"Na mgonjwa akifa?"

Jafeti akatafuta. Akatafuta mbele, akatafuta nyuma. "Hilo halimo," alisema.

Siku moja Profesa aliniita nje nikamsaidie kuchagua fremu ya picha yake. Niliporudi, mlango ulikuwa wazi kidogo, nikamsikia Jafeti akizungumza kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mtoto.

"Shikamoo, Mwalimu. Leo sikukuamkia mbele ya mwenezi, niwie radhi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu, mimi damu naiogopa. Nikiiona macho yanajaa giza. Nilimwambia baba. Nilitaka kufungua gereji. Gari nikilisikia likipita tu najua linaumwa nini."

"Na baba akasemaje?"

"Alisema mtoto wa waziri halali chini ya gari."

"Nifelishe mimi kwa haki, Jafeti," alisema Mwalimu. "Jibu la mwongozo silitoi, na wewe unajua silitoi. Andika hivyo."

Jafeti akaandika. Hivyo mwaka ule, katika nchi nzima, kati ya wote waliofanya mtihani wowote wa tiba, alifeli mtu mmoja tu. Tulilitangaza jambo hilo redioni kama ushindi wa taifa.

Baada ya mafanikio hayo Profesa Mbagule aliona mtihani wenyewe hauna kazi tena. Tukaamua kuuzika. Sijui kama nchi nyingine zimewahi kuuzika mtihani. Sisi tuliuzika, kwa jeneza la mninga na bendi ya polisi, katika bustani ya hoteli ileile ya ziwani. Mtihani ungerithiwa na Mazungumzo ya Kirafiki, ambapo mwalimu na mwanafunzi wangekunywa soda na kuaminiana. Wakufunzi wa nchi nzima walikuja na mikoba yao ya zambarau. Mwalimu Kalekwa naye aliamriwa ahudhurie, akae kiti cha nyuma, ili vijana waone mfano mbaya.

Profesa alikuwa katikati ya wasifu wa marehemu. Alikuwa amefika mahali anaposema mtihani umewatenga watu na vyeti vyao. Akanyamaza. Tukadhani ni madoido, tukapiga makofi. Akajikunja. Tukapiga zaidi. Alipoanguka juu ya jeneza ndipo bendi ilipoacha.

"Tumbo," alisema Profesa. "Jamani, tumbo."

Hakuna mgonjwa katika historia ya nchi ile aliyewahi kuugua akiwa amezungukwa na elimu nyingi kiasi kile. Walimu wa upasuaji walikuwepo, walimu wa dawa, walimu wa walimu. Walimzunguka wakamtazama. Mmoja alikumbusha kwamba ameandika makala juu ya tumbo. Mwingine alisema makala ile ina upungufu. Wakaanza kubishana juu ya upungufu huo, na Profesa akawa anagaagaa chini ya mjadala.

Nikapiga simu Wizarani kuomba ndege ya wagonjwa ya serikali. Nikajibiwa haipo: Mheshimiwa Waziri alikuwa ameondoka nayo kwenda ng'ambo kusafisha meno.

Ndipo daktari mmoja kijana akajitokeza, akavaa glavu, akapiga magoti. Profesa alimshika mkono kabla haujafika.

"Nani alikufundisha wewe?"

"Ni wewe, Profesa."

Profesa alimtazama usoni kwa muda mrefu. "Usiniguse," alisema.

Akaja wa pili, mnene, mwenye tabasamu.

"Ulipata alama gani?" Profesa alimwuliza.

"Zote, Profesa. Ulinipa tangu kwenye korido, kabla sijaingia chumbani."

"Mwondoeni huyu."

Akaja wa tatu, ambaye Profesa alimfukuza kwa kumwona tu, maana alimkumbuka. Wakataka kumleta Jafeti, kwa cheo chake. Jafeti alikuwa amesimama kando amegeuzia ziwa uso, akasema waziwazi mbele ya wajumbe wote, "Mimi siwezi. Sijui." Nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo katika mkutano wa CHAWA, na naona hata wajumbe wengine hawakulijua vizuri, maana walimwomba arudie.

Profesa akanivuta shati. Jasho lilikuwa linamtiririka na sauti yote nene ilikuwa imemwisha.

"Mwenezi," alisema, "nitafutie aliyefelishwa na Kalekwa."

"Profesa, wale tuliwatangaza kuwa ni aibu ya taaluma."

"Nitafutie aibu," alisema. "Haraka."

Mwalimu Kalekwa alikuwa ameshafika. Alipiga magoti kwa shida, akaweka vidole vyake vilivyokakamaa juu ya tumbo la rais wa chama, chini kulia, akabonyeza taratibu, akaachia. Profesa akapiga yowe.

"Kidole tumbo," alisema Mwalimu. "Kikipasuka tumechelewa. Mikono yangu haiwezi tena, lakini Asteria yupo hospitali ya wilaya, kule nyuma ya milima."

"Huyo Asteria ulimfelisha?" Profesa aliuliza.

"Mara mbili. Mara ya tatu alipita."

Profesa alifumba macho, na uso wake ukapata kitu kama amani. "Nipelekeni," alisema.

Barabara ya kwenda kule ilikuwa imefunguliwa rasmi na mawaziri kadhaa, lakini hakuna aliyekuwa ameijenga. Dereva wa Rais wa Chama, yule aliyetajwa kwenye katiba, alikataa kuipita. Jafeti akachukua ufunguo. Nilipanda nyuma pamoja na Mwalimu, Profesa amelala mapajani kwetu. Sijapata kuona mtu akiendesha vile. Gari lilipoanza kukohoa mlimani alisimama, akafungua boneti, akavua koti lake jeupe akalitumia kufutia kitu kilichokuwa kinavuja, akafunga kwa waya, tukaendelea. Usoni alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona darasani.

Njiani Profesa alishika mkono wa Mwalimu Kalekwa. "Nikipona," alisema, "nitasimama mbele ya wote."

"Usizungumze," alisema Mwalimu. "Pumua."

Dakta Asteria alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye sauti ndogo. Alimwamkia Mwalimu wake, akamwamkia na Profesa, akamwuliza maswali mafupi, kisha akanawa mikono kwa muda mrefu sana. Mimi nilikaa nje kwenye benchi. Jafeti alikuwa chini ya gari. Mwalimu Kalekwa alisimama dirishani mwa chumba cha upasuaji, hakukaa mpaka mlango ulipofunguliwa.

"Kilikuwa karibu," alisema Asteria. "Lakini kimetoka kizima."

Mwalimu alivua miwani. Akataka kuifuta, vidole vikamkatalia, na Asteria akaichukua akamfutia.

Profesa alipona, na kama alivyoahidi, alisimama mbele ya wote. Katika mkutano uliofuata alipandisha shati kidogo akatuonyesha kovu, dogo, limenyooka, la kupendeza. Alisema kovu lile ni ushahidi kwamba elimu ya tiba inayosimamiwa na CHAWA ni ya kiwango cha juu. Alijitunukia nishani. Asteria hakutajwa. Jina la Mwalimu Kalekwa lilitajwa mara moja, kwenye ajenda ya kumfuta uanachama kwa kosa la kumgusa tumbo Rais wa Chama bila kibali.

Mwalimu aliisikia habari hiyo akiwa kulekule nyuma ya milima. Hakurudi mjini. Alikaa hospitali ya wilaya na Asteria, na wanafunzi wachache wakamfuata, wale waliokuwa wanataka kujua. Jafeti naye hakurudi. Alifungua gereji karibu na lango la hospitali, na baba yake anapoulizwa hueleza kwamba mwanawe ni daktari wa magari.

Mambo yangeishia hapo, ila wakubwa waliokuwepo ziwani siku ile walikuwa na masikio. Ikawa mtu mzito akiugua, swali lake la kwanza kwa daktari ni hili: ulifelishwa? Daktari aliyefaulu moja kwa moja akakosa wagonjwa wenye uwezo. Wengine walianza kuapa kwamba Kalekwa aliwafelisha, na kumbe hata hawajamwona. CHAWA haikuweza kukaa kimya huku soko linaharibika. Profesa akaanzisha Stashahada ya Juu ya Kufelishwa, yenye muhuri wa dhahabu. Hutolewa kwa Mazungumzo ya Kirafiki, na mpaka leo hajatokea aliyeshindwa kufeli.

Mimi ninayo. Niliipata kama mwenezi, ingawa si daktari. Iliniletea heshima hadi siku nilipoinua kabati la chama nikasikia kitu kimekatika kinenani. Nilijua ni henia. Niliwajua pia madaktari wote wa mjini, mmoja mmoja, na namna walivyopita, kwa kuwa mimi ndiye niliyewapiga picha. Nikapanda basi la kwenda nyuma ya milima.

Kule nikakuta foleni ndefu. Mbele yangu alikaa mama mkwe wa Mheshimiwa Waziri amejifunika kanga usoni, na nyuma yangu bingwa wa magonjwa ya moyo, yule wa mikoba, akijifanya amekuja kutazama mandhari. Hatukuamkiana. Nilipoingia nililazwa kitandani, na mwanafunzi mmoja wa kike akaja kunipima, huku Mwalimu Kalekwa amesimama nyuma yake. Mwalimu alinitambua.

Yule binti aliniamkia, akaniuliza ninapoumwa, akaweka mkono.

"Siyo hapo," alisema Mwalimu Kalekwa. "Umekosea. Toa mkono, anza upya."

Binti akatoa mkono, macho yamemjaa machozi kwa haya. Nami, mtu mzima, mwenezi mstaafu wa CHAWA, nimelala pale bila suruali, nilihisi woga wote niliotoka nao nyumbani ukinishuka mwilini. Nikamgusa kiwiko yule binti, nikamwambia asiogope, arudie tu mpaka apatie, mimi sina haraka.